Redio, SMS, simu ya sauti au programu: kipi kimfae mkulima mdogo?

Ukiwa kiongozi wa kikundi cha wakulima, au afisa ugani mwenye vijiji vingi kuliko mafuta ya pikipiki, misimu miwili haitapita kabla mtu hajakujia na teknolojia ya kidijitali ya kilimo. Mmoja ataleta programu inayotambua magonjwa kwa picha. Mwingine ataleta huduma ya SMS za bei za mazao. Wa tatu atakuambia hayo yote yamepitwa na wakati, siku hizi ni akili mnemba. Wote watakuonyesha kwenye simu zao wenyewe, zenye chaji na bando, mkiwa mmekaa penye mtandao mzuri. Hapa nazilinganisha njia hizo zikiwa shambani, mikononi mwa mtu mwenye simu ya kitochi, salio la kubahatisha na swali moja linalomkera leo.

Kwa nini simu iingie shambani kabisa? Kwa sababu ya hesabu. Duniani kuna mashamba zaidi ya milioni 608, na takriban 84 katika kila 100 hayafikii hekta 2. Hakuna serikali ya nchi maskini inayoweza kuajiri mabwana shamba na mabibi shamba wa kuyatembelea. Mwaka 2019 Raissa Fabregas, Michael Kremer na Frank Schilbach waliyaweka pamoja matokeo ya majaribio ya ushauri wa kidijitali Afrika na India, wakakuta mavuno yalipanda kwa wastani wa asilimia 4 hivi. Wapo wanaosikia namba hiyo wakakunja uso. Mimi naiona ya heshima, kwa kuwa kumfikia mkulima mmoja kwa simu hugharimu kidogo mno ukilinganisha na kumtuma mtu. Inasaidia pia kumpima muuzaji: anayekuahidi mavuno maradufu kwa SMS, mpe maji ya kunywa na umsindikize.

Kila njia naipima kwa mambo matatu: mkulima anahitaji kifaa gani, anataka kusaidiwa nini hasa (kukumbushwa, kuelezwa, kuonyeshwa, kutambuliwa ugonjwa, au kuuza), na je, akiuliza kuna mtu wa kumjibu? Hili la tatu ndilo wanaouza teknolojia hulipitia haraka, na ndilo mimi hulipa uzito kuliko yote.

| Njia | Kifaa cha mkulima | Intaneti | Anaweza kuuliza? | Inafaa zaidi kwa |
|---|---|---|---|---|
| Redio | redio, au simu yenye redio | hapana | kwa kupiga simu studio | tahadhari, mjadala wa kijiji |
| SMS | simu yoyote | hapana | kwa nadra | kukumbusha |
| USSD (menyu za namba zenye nyota) | simu yoyote | hapana | huchagua tu kwenye menyu | kujisajili, kuangalia bei |
| Sauti iliyorekodiwa | simu yoyote | hapana | ndiyo, mfumo ukiruhusu kuacha swali | maelezo ya hatua kwa hatua |
| Kituo cha simu | simu yoyote | hapana | ndiyo | tatizo la ghafla |
| Video ya kikundi | hakuna | hapana, ikishapakuliwa | ndiyo, kwa mwezeshaji | ujuzi wa mikono |
| Programu | simujanja | mara nyingi | inategemea | kutambua ugonjwa, kumbukumbu |
| Kundi la WhatsApp | simujanja | ndiyo | ndiyo | picha na maswali, likiwa na msimamizi |

Sasa tuingie ndani. Sitazipa zote nafasi sawa, maana hazina uzito sawa.

SMS na USSD

SMS moja hubeba herufi 160 za alfabeti ya Kilatini. Kwa lugha zenye maandishi yake, kama Kiamhari au Kihindi, nafasi hushuka hadi herufi 70. Jaribu kueleza kwa herufi 70 namna ya kupima dawa, kuichanganya, kuvaa kinga na kukaa siku kadhaa kabla ya kuvuna. Haiwezekani. Kwa hiyo SMS ni kengele: humkumbusha mtu jambo analolijua tayari. Humwambia wiki hii ni ya mbolea ya kukuzia, lakini haimfundishi mbolea hiyo ni ipi wala inawekwaje.

Hata kengele ina masharti. Magharibi mwa Kenya wakulima wa miwa waliokuwa na mkataba na kiwanda walitumiwa SMS za kuwakumbusha kazi za shamba. Jaribio la kwanza lilionyesha mavuno juu kwa asilimia 11.5. Jaribio lililofuata halikuonyesha tofauti yoyote. Kilichonivutia zaidi katika kazi hiyohiyo ni kitu kingine: wakulima walipewa namba ya kupiga kulalamika mbolea ya kiwanda ikichelewa, na ucheleweshaji ukapungua. Huko simu haikumfundisha mkulima chochote. Ilimfanya aliyemdai mbolea asikie.

Ukiamua kutumia SMS, uliza tarehe zake zinatoka wapi. Huduma inayotuma ujumbe mmoja siku moja kwa watu wote inafuata kalenda, na mvua haifuati kalenda. Huduma nzuri humuuliza kila mkulima alipanda lini, kisha huhesabu kuanzia hapo. Uliza pia laini imesajiliwa kwa jina la nani na inakaa mfukoni mwa nani. Ujumbe wa kupalilia ukiingia kwenye simu ya mume aliyeko mjini, mke aliyeshika jembe hataupata.

USSD, zile namba zinazoanza kwa nyota na kuishia kwa alama ya reli, ina sifa moja kubwa: hufanya kazi kwenye simu ya bei ya chini kabisa, bila bando. Kasoro yake ni kwamba kikao kikikatika hakuna kinachobaki kwenye simu, na hukatika mtu akisoma polepole. Menyu ikiwa na ngazi tano, mkulima ataachia ngazi ya tatu. Kwa kujisajili, kuangalia bei au kuthibitisha malipo inatosha. Kwa ushauri ni mlango tu, nyumba iwe kwingine.

Simu ya sauti

Hapa ndipo ningeweka fedha yangu ya kwanza. Sauti haimdai mkulima ajue kusoma, haihitaji simujanja, na inabeba lugha ya mama pamoja na lafudhi yake. Iko kwa namna mbili ambazo watu huzichanganya, nazo zina gharama tofauti kabisa.

Ya kwanza ni sauti iliyorekodiwa. Mkulima anapiga namba, anabonyeza 1 kwa mahindi, 2 kwa maharage, anasikiliza. Ethiopia ilianzisha huduma ya namna hiyo mwaka 2014 kwa namba 8028, bila malipo kwa mpigaji, ikiwa katika lugha kadhaa za nchi, na wakulima waliopiga wamefika mamilioni. Upande wa pili wa huduma ya sauti ni kumpigia mkulima badala ya kumngoja apige: simu inaita, anapokea, anasikia ujumbe wa dakika moja au mbili unaohusu zao lake na hatua aliyofikia.

Ya pili ni kituo cha simu chenye watu hai. India ina Kisan Call Centre tangu Januari 2004, namba ya bure inayopokelewa na watu waliosomea kilimo, wakijibu kwa lugha 22. Hakuna mashine inayomfikia mtu anayeweza kuuliza, "Ulipanda lini? Jirani yako naye anaona hivyo?" Ila mtaalamu huyo haoni jani. Mkulima akisema majani yamekuwa ya njano, inaweza kuwa njaa ya naitrojeni, maji yaliyotuama, virusi, au dawa ya magugu iliyopeperuka kutoka shamba la jirani. Ukitaka kujua kituo ni kizuri, sikiliza wanauliza maswali mangapi kabla ya kutaja jina la dawa.

Kati ya namna hizo mbili kuna ya tatu, na naiona bora kwa kikundi cha ukubwa wa kati: mkulima anaacha swali lake kwa sauti, mtaalamu analisikiliza baadaye na kurekodi jibu, na wakulima wengine wanaweza kusikiliza swali na jibu hilo. Huko Gujarat, India, huduma iitwayo Avaaj Otalo ilifanya hivyo kwa wakulima wa pamba. Watafiti walioifuatilia walikuta wakulima waliopewa huduma walipunguza kutegemea vyanzo vyao vya zamani vya ushauri na wakabadilisha pembejeo walizonunua. Jambo la kushangaza kidogo: mavuno yalipanda kwa nguvu zaidi kwenye bizari nyembamba kuliko kwenye pamba. Nina hisia kwamba pale ambapo watu wana uzoefu mwingi wa zao, simu ina machache ya kuongeza.

Kabla hujaingia, jua matatizo ya sauti. Menyu ndefu huchosha, na mtu mwenye simu ndogo isiyo na spika hawezi kusikiliza na kubonyeza kwa wakati mmoja. Kila akiitoa sikioni anakosa maneno. Menyu isizidi chaguo tatu. Rekodi isizidi dakika mbili, na jambo kuu lisemwe mwanzoni. Sauti ya nani? Mwanamke anayesikia mwanamke mwenzake akieleza kazi anayoifanya yeye husikiliza tofauti na anaposomewa na mtangazaji wa habari. Kisha suala la salio: wakulima wengi hubipu. Mfumo ulioundwa vizuri huipokea bipu, huikata, kisha humpigia mkulima kwa gharama ya huduma. Mfumo unaomtaka mkulima alipe dakika za kusikiliza menyu utabaki na wasikilizaji wa wiki ya kwanza tu.

Gharama ya sauti iliyorekodiwa hupanda kwa dakika. Gharama ya kituo cha watu hupanda kwa mishahara. Na maswali hayaji kwa mstari ulionyooka. Wiki ambayo wadudu wamelipuka kila mtu hupiga, na miezi miwili baadaye laini ziko kimya. Mwenye kukuuzia huduma akueleze atafanya nini katika wiki ile ya kwanza.

Redio

Watu wa teknolojia huisahau redio kwa sababu haina kipya cha kuonyesha kwenye slaidi. Ni kosa. Redio huwafikia wasio na simu kabisa, na haihesabu wasikilizaji: ujumbe wa watu elfu na wa watu laki una bei moja. Farm Radio International, shirika lililoanzishwa Kanada mwaka 1979 na mtangazaji George Atkins, limekuwa likiandaa vipindi na vituo vya Afrika kwa miaka mingi, na kati ya 2007 na 2010 lilijaribu kampeni za redio shirikishi huko Ghana, Malawi, Mali, Tanzania na Uganda: wakulima huchagua mada, husikika wenyewe hewani, na kipindi hufuata msimu hatua kwa hatua.

Redio peke yake ni mtu anayesema akaondoka. Redio ikiunganishwa na namba ya kubipu kwa kura au maswali, na kikundi kinachosikiliza pamoja kikajadili, inabadilika kabisa. Nguvu yake halisi iko kwenye tahadhari. Viwavijeshi vamizi walipoonekana Afrika Magharibi mwaka 2016 na kuenea barani ndani ya muda mfupi, njia iliyokuwa tayari kuwaambia watu wengi kwa mara moja ilikuwa redio. Isipokuwa hivi: redio ya eneo kubwa husema kwa wastani. Kama bonde lako limepanda wiki tatu baada ya mlima, kipindi kitawakosea nyote wawili.

Video ya kikundi

Kuna mambo hayaelezeki kwa maneno: nafasi kati ya mashimo, namna ya kupunguza miche, rangi ya mboji iliyoiva. Digital Green, iliyoanza kama utafiti ndani ya Microsoft huko India na kuwa shirika linalojitegemea mwaka 2008, ilikuja na jambo dogo: piga video fupi ya mkulima wa hapohapo akifanya kazi kwa lugha ya hapohapo, kisha waonyeshe majirani zake kwa projekta ndogo ya betri, mwezeshaji akisimamisha picha na kuuliza. Mtazamaji akimtambua mtu wa kwenye picha, swali la kwanza huwa "huyu si fulani?" na la pili huwa la kilimo.

Mashariki mwa Uganda watafiti waliwaonyesha wakulima wa mahindi video, wengine wakaongezewa huduma ya sauti ya simu na SMS za kukumbusha. Video zilibadilisha ujuzi na utendaji. Nyongeza za simu hazikuleta kikubwa juu yake. Na video ilipoonyeshwa kwa wanawake wenyewe, badala ya kutegemea mume apeleke habari nyumbani, ujuzi wao na nafasi yao katika maamuzi ya shamba viliongezeka. Kwa hiyo ukiwa na bajeti ya kitu kimoja na lengo lako ni ujuzi mpya wa mikono, usiigawe. Chukua video na mwezeshaji. Udhaifu wake ni kwamba inahitaji mtu wa kuibeba. Mwezeshaji akiacha, projekta hubaki kabatini.

Programu za simujanja

Nakiri nina shaka nazo, lakini shaka yangu haiko pale wengi wanapoiweka. Watu hudhani tatizo ni usahihi. Usahihi una hadithi nzuri ya kusimulia.

Mwaka 2016 Sharada Mohanty, David Hughes na Marcel Salathé walichapisha matokeo ya mfumo uliofundishwa kwa picha 54,306 za majani. Kwenye picha za aina ileile mfumo ulipatia kwa asilimia 99.35. Ulipopewa picha zilizopigwa katika mazingira mengine, ukaanguka hadi asilimia 31 hivi. Sababu ni rahisi: majani ya mafunzo yalikuwa yamechumwa na kuwekwa juu ya kitu cha rangi moja. Shambani jani lina kivuli, tope, jirani yake na kidole cha mpigapicha. Kwa hiyo mtu akikutajia asilimia 99, muulize picha zilipigwa wapi.

PlantVillage Nuru, programu iliyotokana na kundi la Hughes katika chuo kikuu cha Penn State, ilifundishwa kwa picha za mihogo iliyoko shambani, na hufanya kazi bila intaneti. Ilipopimwa mwaka 2020 kwa magonjwa ya majani ya muhogo, ilipatia kwa asilimia 65. Maafisa ugani walipatia kati ya 40 na 58, wakulima kati ya 18 na 31. Na ilipoonyeshwa majani sita ya mmea badala ya moja, ikapanda hadi kati ya 74 na 88. Namba hizo ziangalie vizuri. Zinasema programu ilimshinda mtaalamu. Zinasema pia kwamba anayepiga picha jani moja akaondoka anapoteza sehemu kubwa ya faida, na kwamba katika jani moja, zaidi ya mara tatu kati ya kumi jibu ni la uongo.

Kuna mtego mwingine wa ndani. Mfumo uliofundishwa magonjwa matano, ukiuonyesha la sita, mara nyingi huchagua moja kati ya matano yake, tena bila kusitasita. Kabla ya kuichukua programu yoyote ya picha, ipe kitu isichokijua: jani la mti wa kivuli, au kiganja chako. Ikikuambia kiganja kina batobato, ugonjwa wa muhogo, umeshapata jibu.

Shaka yangu iko baada ya utambuzi. Batobato na michirizi ya kahawia ya muhogo havina dawa ya kunyunyiza. Tiba ni kung'oa mimea iliyoathirika na kupanda vipando safi. Programu ikishasema jina la ugonjwa, mkulima ana swali moja: vipando safi viko wapi? Kama jibu halipo katika wilaya nzima, umempa mtu jina la msiba wake na kumwachia hapo. Ndiyo maana naona simujanja moja mikononi mwa afisa ugani au kijana aliyechaguliwa na kikundi, mwenye njia ya kuagiza vipando, ina thamani kuliko programu iliyopakuliwa na wanachama mia wasio na pa kuipeleka taarifa. Uganda ilijaribiwa njia ya karibu na hiyo, wakulima wachache wakipewa simu zenye maktaba ya ushauri ili wawahudumie majirani, na mpango ule uliwekwa na Grameen Foundation.

Programu za kuweka kumbukumbu za shamba nazitaja kwa sentensi moja: daftari linashinda, mpaka pale benki au mnunuzi anapoanza kuzidai rekodi hizo.

Makundi ya WhatsApp na akili mnemba

Kundi la WhatsApp ni kituo cha simu cha maskini, na nalisema kwa sifa. Picha inatumwa, afisa anajibu, watu arobaini wanajifunza. Linakufa kwa njia mbili zinazojulikana: salamu za asubuhi na wauza mbegu. Bila msimamizi mwenye ruhusa ya kufuta, usianze. Pia kumbuka kwamba wanawake katika nchi nyingi za Afrika na Asia Kusini wana uwezekano mdogo kuliko wanaume wa kumiliki simujanja, kwa hiyo kundi likionekana limejaa uhai, angalia ni uhai wa nani.

Roboti wa mazungumzo wamekuja juu tangu 2023. Digital Green wana Farmer.Chat, inayojibu maswali kwa maandishi au sauti ikichota kutoka kwenye maktaba ya ushauri uliokaguliwa. Hilo la kuchota ndilo la kuulizia. Mfumo unaojibu kutoka kumbukumbu yake ya jumla unaweza kutaja kipimo cha dawa kwa ufasaha wote na kikawa si sahihi, na kosa la kipimo linaingia kwenye chakula cha watu. Kwa sasa ningeutumia kumsaidia afisa ugani kuandaa jibu, afisa akalisoma kabla halijatoka.

Na bei za soko?

Huduma hii huuzwa kwa hadithi moja: mkulima hajui bei, dalali anamlalia, mpe bei, atauza vizuri. Ushahidi umegawanyika, na namna ulivyogawanyika inafundisha.

Pwani ya Kerala, India, minara ya simu ilifika kwa awamu kati ya 1997 na 2001. Robert Jensen alionyesha kwamba kabla ya hapo samaki wa sadini walitupwa ufukwe mmoja huku wanunuzi wakiwakosa umbali usiozidi kilomita 15. Simu zilipofika, kutupa kukaisha, faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8, na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Niger nako Jenny Aker alikuta simu zimepunguza tofauti za bei ya uwele kati ya masoko kwa asilimia 10 hadi 16. Lakini utafiti uliofuata, ulioangalia bei ya shambani, haukuona wastani wa bei ya mkulima ukipanda. Jimbo la Maharashtra, India, Marcel Fafchamps na Bart Minten walijaribu SMS za bei katika vijiji 100, na hawakuona athari ya maana kwenye bei waliyopata wakulima.

Mvuvi ana mashua, na mashua ina usukani. Akisikia bei ya ufukwe wa pili anageuza. Mkulima wa Niger mwenye gunia mbili na deni la ada ya shule hana cha kugeuza. Mwenye lori ndiye aliyegeuza, na faida ilikaa kwake. Mahali ambapo mnunuzi huja mwenyewe na bei hupatikana kwa kubishana, bei kwenye simu husaidia hata bila usafiri, kwa sababu mbishi ana hoja: wakulima wa viazi vikuu Ghana waliopata SMS za bei walipata bei bora zaidi. Kwa hiyo kabla ya kulipia huduma ya bei, jiulize kama wanachama wako wana ghala la kungojea, au gari la pamoja, au angalau wanunuzi wawili wanaoshindana. Kama hawana hata kimoja, pesa hiyo ianze kwenye ghala.

Nani analipa, nani anamiliki

Huduma nyingi za mwanzo ni bure kwa sababu mfadhili analipa dakika na SMS. Muulize mwenye huduma mwaka wa tatu nani atalipa. Akisema wakulima, omba kuona wakulima wanaolipa sasa. Akisema kampuni za pembejeo, hilo si dhambi, ila soma ushauri wenyewe: kama kila tatizo linaishia kwenye bidhaa moja, umesajili wateja wa mtu. Taarifa nazo zina thamani: majina, namba za simu, mipaka ya shamba, mavuno. Kikundi kiandikiwe kwenye mkataba kwamba orodha ni yake, na mradi ukifungwa inarudi kwake.

Ningechagua nini

Wanachama wengi wana simu za kitochi na hawasomi kwa urahisi: sauti, kwa kubipu, ikisindikizwa na kipindi cha redio ya karibu. Mnaanzisha zao au mbinu mpya: video ya mkulima wenu, mara mbili kabla ya kupanda na mara moja kabla ya kuvuna, wake na waume wakiwa chumba kimoja. Ugonjwa umeingia na hamuutambui: simujanja moja yenye programu isiyohitaji mtandao, kwa mtu mmoja aliyefundishwa kuangalia majani sita. Mnalijua zao lenu vizuri ila mnasahau tarehe: SMS, zikihesabiwa kuanzia siku ya kupanda. Mna mkataba na mnunuzi au kiwanda: kabla ya ushauri wowote, dai namba ya malalamiko inayopokelewa.

Halafu kabla ya kusaini, fanya jaribio la nusu saa. Ita wakulima kumi, nusu wanawake, wawili wenye umri mkubwa, kila mmoja na simu yake kama ilivyo siku hiyo. Waambie waulize swali walilonalo kweli kupitia huduma hiyo. Muuzaji akae pembeni, asiguse simu ya mtu. Hesabu wangapi walifika kwenye jibu, ilichukua dakika ngapi, salio lilipungua kiasi gani. Siku tatu baadaye wapigie wote kumi, uwaulize walifanya nini na jibu walilopata.